Jinsi ya kupiga picha ugenini bila kuwa kero (hatua kwa hatua, kutoka kwa mtu aliyekuwa kero)

Wahenga walisema ukifika kwa wenye chongo fumba lako jicho, na nadhani mpiga picha ndo mtu pekee duniani anayeifuata hiyo methali kama ilivyo, maana kila akiweka kamera usoni jicho moja linafungwa. Shida ni kwamba jicho lile lililofungwa mara nyingi ndo lingemwona mama wa pembeni anavyokunja uso, au yule kijana aliyesimama nyuma yako anajiuliza huyu ni nani na anatafuta nini hapa kwetu. Mi nimefukuzwa, nimefutishwa picha, kuna siku nimemwagiwa maji, na karibu mara zote kosa lilikuwa langu. Kwa hiyo hapa chini naandika vile ningependa mtu aniambie kabla sijapanda ndege ya kwanza.

Hatua ya 1: Jua sheria kabla ya kufunga begi

Watu wengi wanadhani ukiwa barabarani basi piga tu, ni mahali pa umma. Inategemea uko wapi bana. Hungary wana sheria ya kiraia iliyoanza kutumika Machi 2014, hiyo inataka ridhaa ya mtu hata kwenye kumpiga picha tu, sio mpaka uiposti (umati wa watu na watu maarufu wakiwa kwenye shughuli za umma wamewekwa pembeni). Ujerumani wana sheria ya tangu 1907 inayosema huwezi kusambaza sura ya mtu bila ridhaa yake, ila kama mtu kaingia tu kwenye mandhari kama sehemu ya mtaa hapo kuna msamaha. Falme za Kiarabu ndo usicheze kabisa, kumpiga mtu picha bila idhini ukaingilia faragha yake kunaweza kukupeleka jela au ukalimwa faini nene. Japani na Korea Kusini simu nyingi zinazouzwa kule hazikuruhusu kuzima mlio wa kamera, na sababu yake sio urembo, ni kwamba kulikuwa na watu wanawapiga wanawake picha za siri, kwa hiyo ukiwa kule na simu yako ya kutoka nje ambayo iko kimya, ujue ukimya wako wenyewe unaweza kumtisha mtu.

Halafu kuna mambo ya usalama, yaani jeshi, viwanja vya ndege, madaraja, mipaka. Novemba 2001 Waingereza 12 na Waholanzi 2 walikamatwa Kalamata kule Ugiriki, wenyewe hobi yao ni kuangalia ndege na kuandika namba zake kwenye daftari. Wenyeji hawakuwa wanaijua hobi ya namna hiyo, kwao mtu mzima anayesimama kwenye uzio wa kambi ya jeshi akiandika namba za ndege ni jasusi, full stop. Aprili 2002 wakahukumiwa, wengine miaka mitatu, mpaka rufaa ya Novemba mwaka huo huo ndo ikawaachia. Hawa hawakuwa wabaya, ila walichukulia kwamba jambo la kawaida kwao ni la kawaida kila mahali, na hapo ndo ugeni unapomkamata mtu.

Kwa hiyo fanya hivi: tafuta sheria ya picha ya nchi unayoenda, tafuta kivyake sheria ya droni (Moroko kwa mfano droni yako inazuiwa forodhani kabla hata hujaiwasha), na ukifika muulize mwenyeji mmoja, mpokezi wa hoteli anatosha, swali hili: "ni kitu gani hapa mgeni akikipiga picha watu wanakasirika?" Usiulize kinachoruhusiwa, uliza kinachokasirisha, utapata majibu ambayo hayako kwenye sheria yoyote.

Hatua ya 2: Beba vichache

Hapa sitakaa sana. Kamera moja, lenzi moja, ya 35mm au 28mm, au simu yako kama ndo unayo, hamna shida. Lenzi ndefu kama bomba ya kuvuta watu kutoka ng'ambo ya barabara iache nyumbani, ukiwa mgeni ile kitu inafanya kazi moja tu, inakusaidia kuogopa watu kwa starehe. Lenzi fupi inakulazimisha usogee na ukisogea inabidi usalimie. Betri za ziada za lithiamu ziwe kwenye begi la mkononi maana kwenye mzigo wa chini ya ndege haziruhusiwi. Wale wa filamu, omba mkaguzi aiangalie kwa mkono, zile mashine mpya za ukaguzi za CT zinaunguza filamu ambayo haijasafishwa hata kama ISO yake (wepesi wake wa kuhisi mwanga) ni ndogo.

Hatua ya 3: Siku mbili za kwanza piga upuuzi wote

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hizo siku mbili za mwanzo ni zako za kushangaa, zitumie. Piga milango, piga vibao, piga paka, piga taa za barabarani ambazo zina rangi tofauti na za kwenu. Usijibane eti nitafute picha ya maana, huna bado, jicho lako limejaa ushamba na ni vizuri liutoe wote. Ila usiku kabla ya kulala kaa na simu au kadaftari uandike vitu kumi vilivyokushangaza siku hiyo, kwa maneno sio kwa picha. Mfano, "watu hawaangaliani kwenye basi" au "viatu vinavuliwa mlangoni lakini kimoja kiligeuziwa nje, kwa nini". Baada ya wiki rudi kwenye ile listi. Vile ambavyo havikushangazi tena, picha zake ni kadi za posta, ziache. Vile ambavyo bado vinakukera au bado hujavielewa, hapo ndo kuna kazi.

Na usidhani ushangao wa mgeni ni kitu cha kuonea aibu, hapana. Mpiga picha Robert Frank alikuwa Mswisi, kafika New York 1947, na mwaka 1955 akapata ufadhili akazunguka Marekani kwa gari akipiga vitu ambavyo Wamarekani walikuwa wameshavizoea mpaka hawavioni tena, nani anakaa mbele ya basi na nani nyuma, bendera imefunika sura ya mtu dirishani, watu wamekaa peke yao kwenye mgahawa na mashine ya muziki ya kutumbukiza sarafu. Alipiga fremu zaidi ya elfu 27 akabakiza 83. Wenyeji wengi walizichukia walipoziona, leo wanazifundisha shuleni. Na ugeni huo huo uliompa jicho ndo uliomtia matatani, Novemba 1955 polisi wa Arkansas walimsimamisha, wakaona lafudhi ya ajabu, gari limejaa kamera, wakamweka ndani masaa kadhaa wakimhoji kama ni mkomunisti. Sa we unayelalamika kwamba mlinzi wa soko kakuuliza maswali mawili matatu, tulia.

Hatua ya 4: Jifunze kuomba, na jifunze kusikia hapana

Hii ndo kubwa kuliko zote kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kabla hata ya "asante" jifunze sentensi mbili kwa lugha ya pale: "naweza kupiga picha?" na "hapana, haina shida". Hiyo ya pili watu wanaisahau, na ndo inayokufanya uonekane mtu na sio mwindaji, maana mtu akikukatalia halafu we ukatabasamu ukamwambia kwa lugha yake haina shida, mara nyingi anaanza yeye kukuuliza unatoka wapi, na kuna watu wamenikatalia wakaishia kuniita nikae nao, picha haikupigwa mpaka leo na wala siijutii.

Kama lugha haipo kabisa, nyanyua kamera mpaka kifuani, sio usoni, nyanyua nyusi, subiri. Lakini angalia, kichwa hakisemi kitu kimoja kila mahali. Bulgaria mtu akitikisa kichwa kushoto kulia anakubali, akikipeleka juu na chini anakataa. Ugiriki na Uturuki ukiona mtu kainua kichwa kurudi nyuma kidogo na ulimi umelia "ts", hiyo ni hapana kamili hata kama kwako ilionekana kama "haya". Angalia mabega. Mabega yakipanda au mwili ukigeuka pembeni, jibu umeshalipata, mdomo hata usiungoje.

Kukataa kwenyewe kuna sababu nyingi na sio lazima uambiwe. Waamishi kule Marekani (Wakristo wanaoishi kwa desturi za kizamani) wengi hawapendi kujipanga mbele ya kamera kwa sababu ya ile amri ya Kutoka 20:4 kuhusu sanamu. Jamii nyingi za wenyeji asilia wa Australia kuona picha ya mtu aliyefariki ni jambo zito la msiba, ndo maana televisheni za kule zinatoa onyo kabla ya kipindi. Pale Uluru, mwamba mkubwa ambao ni mtakatifu kwao, kuna sehemu za mwamba zina vibao kabisa kuwaambia wageni hapa msipige, kwa sababu ule mwamba wenyewe ni kama maandiko yao na sio kila mtu anaruhusiwa kuyasoma. Na kuna sababu ya kawaida tu: mtu kachoka. Mtaa wa Gion kule Kyoto wanawake wanaofanya kazi ya geiko (yaani geisha) na maiko (wanaojifunza kazi hiyo) walikuwa wanakimbizwa na wageni wenye simu, wanavutwa kimono, mpaka 2019 wakazi wakaweka vibao kwenye vichochoro vya binafsi kwamba ukipiga picha faini yen 10,000. Fikiria we uko njiani unaenda kazini umechelewa halafu kila siku watu arobaini wanakuzuia kwa sababu nguo zako za kazi ni nzuri.

Na hela je? Hili watu wanabishana sana. Msimamo wangu mimi, kama mtu kavaa na kasimama pale ili apigwe picha, hiyo ni kazi yake, mlipe bila kununa na mkubaliane kabla. Kama ni mtu anaendelea na maisha yake, usianze na hela, anza na salamu, nunua anachouza kama anauza, na nunua KABLA ya kuomba picha, sio baada, maana baada inakuwa ni malipo na kabla inakuwa ni biashara ya kawaida kati ya watu wawili. Watoto, muombe mzazi au mlezi. Hamna mzazi karibu? Hamna picha. Kwenye hili sibishani na mtu.

Hatua ya 5: Siku ya tatu tafuta jembe

Yaani tafuta sababu ya kuwepo pale ambayo sio kamera. Nitasimulia moja.

Kuna mji nilikaa wiki tatu, lugha yao nilikuwa najua maneno kama kumi na mawili hivi. Karibu na nilipofikia kulikuwa na fundi viatu, mzee, anafanya kazi kwenye upenyo kati ya majengo mawili, upana kama wa mlango na nusu. Siku ya kwanza nikampiga kwa mbali, akaniona, akaweka kiatu chini akanisubiri niondoke. Hakusema kitu, kaweka tu kiatu chini. Siku ya pili nikaenda na kiatu changu, soli ilikuwa imeachia kidogo kweli, nikakaa kwenye ndoo. Siku ya tatu nikarudi, kiatu kilikuwa tayari, nikakaa tena bila sababu. Kuna mahali akawa anavuta uzi kwenye buti nene na buti linamkimbia, akanitazama, akanisukumia lile buti kwa goti: shika. Nikashika. Tukafanya hivyo karibu saa nzima, yeye anavuta mi nashika, kamera iko chini kwenye vumbi.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshika buti ndo nikaona kidole gumba chake kimezungushiwa kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli, na ule mpira umelika mfereji mwembamba pale uzi unapopita, miaka yote ya kazi iko kwenye ule mfereji. Kwa mbali usingeuona hata uwe na lenzi ya bei gani. Nikaonyesha kidole, nikaonyesha kamera, akacheka akanyoosha gumba. Fremu tatu, basi.

Halafu akanyoosha mkono, anataka kamera. Nikampa (moyo unadunda, niseme ukweli). Akanipiga mimi. Nikaiangalia ile picha: mtu kakaa juu ya ndoo kajikunja, kamba ya kamera imemkaba shingo, anatabasamu kama anaomba msamaha. Ndo nilivyo kumbe mbele za watu. Tangu hapo ni kanuni yangu, ukipiga watu ugenini, angalau mmoja wao mpe kamera akupige wewe, na usiifute ile picha hata kama imekutoa vibaya.

Hatua ya 6: Mwanga na ngozi

Mambo ya ufundi kidogo. Kipima mwanga cha kamera hakijui kinaangalia nini, kinajaribu kufanya kila kitu kiwe kijivu cha katikati, kwa hiyo mtu mweusi sana kwenye kivuli kinaweza kumpausha awe kama ana majivu, na akisimama mbele ya ukuta mweupe kinamzamisha kabisa abaki meno na macho. Hata filamu zenyewe za rangi zilikuwa na upendeleo, maabara za Kodak kwa miaka mingi zilisawazisha rangi kwa kadi ya mwanamke mzungu iliyokuwa inaitwa Shirley, kadi zenye ngozi tofauti zilikuja baadaye sana. Kwa hiyo usiamini mashine. Pima kwenye uso wenyewe, kwenye simu gusa uso kwenye skrini halafu teremsha au pandisha kile kijua cha kurekebisha mwanga mpaka ngozi ifanane na unavyoiona kwa macho, sio zaidi sio pungufu. Ukiwa umehamia mahali ambapo wenyeji wana ngozi tofauti na uliyozoea kupiga, mazoea yako ya zamani ndo yatakuangusha, kaa siku nzima unajaribu.

Mtaani weka shata (kasi ya kupiga) 1/250, tundu la lenzi f/8, ISO iache ijipange yenyewe. Usiku fungua tundu lote. Flashi usoni kwa mtu usiyemjua, jamani hapana.

Hatua ya 7: Siku moja kwa wiki acha kamera

Hii nimeiweka fupi lakini ni ya dhati. Ukiwa ugenini peke yako kamera inakuwa ngao, unakuwa na kisingizio cha kusimama popote bila kuongea na mtu, na unaweza kukaa mwezi mzima hivyo ukarudi na picha elfu nne na hujala meza moja na mtu yeyote. Mimi nilifanya hivyo mara moja, zile picha zote watu wamepigwa mgongo. Zote! Sikuona mpaka niliporudi.

Hatua ya 8: Uliza jina

1984 mpiga picha Steve McCurry alimpiga picha msichana Mwafghani kwenye kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh karibu na Peshawar, Pakistani. Juni 1985 ikatoka kwenye jalada la jarida la National Geographic na ile sura ya macho ya kijani ikajulikana dunia nzima. Jina lake hakuna aliyekuwa analijua. Ilibidi watu warudi kumtafuta 2002, miaka 17 baada ya jalada, ndo ikajulikana anaitwa Sharbat Gula, mama wa watoto, na hakuwahi kuiona ile picha hata mara moja. Sasa we na mimi hatutapiga picha ya kufika huko, ila kosa lenyewe tunalifanya kila siku, tuna folda zimejaa "mzee wa sokoni" na "dada wa kitambaa chekundu".

Kwa hiyo uliza jina, mpe daftari aliandike mwenyewe kwa herufi zake, halafu mwambie alitamke we urekodi kwa simu. Muonyeshe picha palepale kwenye skrini. Muulize kama anakubali uiposti, na wapi, maana kukubali kupigwa na kukubali kupostiwa ni mambo mawili tofauti kabisa. Na usiposti ukiwa bado upo hapo hapo na lokesheni imewashwa, kwa usalama wako na wao pia. Kila usiku bakapu, nakala mbili mahali tofauti, moja isikae kwenye begi la kamera.

Ukiandika maelezo chini ya picha andika ulichoona, usiandike ulichokisia. "Anarekebisha buti" sawa. "Licha ya umaskini ana furaha" umeitoa wapi hiyo? Ulimuuliza?

Hatua ya 9: Chagua baadaye, na rudisha

Usichague picha ukiwa bado kule, unachagua kwa hisia za siku ile. Subiri mwezi. Kisha toa zile ambazo zinafanana na picha ulizoziona kabla ya kwenda, utashangaa ni nyingi kiasi gani, maana tunasafiri na picha kichwani halafu tunaenda kuzithibitisha.

Na kabla hujaondoka chapisha kadhaa uwape wenyewe, za karatasi. Kutuma kwenye simu ni sawa ila karatasi ni kitu kingine. Yule fundi nilimpelekea ile ya gumba, nikiwa najisifia kimoyomoyo, nimeichapisha kubwa kabisa. Akaishika, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akamuita jirani anayejua Kiingereza kidogo. Jirani akasikiliza, akaniambia: anauliza viatu viko wapi, na yeye mwenyewe yuko wapi, hiki ni kidole.

Nikamwambia basi tupige upya. Akavua aproni, akaenda ndani akarudi na shati lingine, akapanga viatu vilivyokwisha kwenye mstari pea kwa pea, akasimama katikati mikono imenyooka kama yuko gwaride, hacheki hata kidogo, na akanionyesha kwa mkono nirudi nyuma, tena nyuma, mpaka miguu yake ionekane yote. Nilirudi mpaka katikati ya barabara, pikipiki zinanipigia honi. Hiyo ndo kaitundika juu ya cherehani yake. Ile ya gumba aliniambia nibaki nayo mimi.